Ugaidi kama Jinai ya Kimataifa: Funzo kutoka Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi. Jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi huo liliporomoka. Watu 213 waliaga dunia na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walijeruhiwa macho, kwani mlipuko mdogo uliotangulia ulikuwa umewavuta madirishani kutazama kulikoni. Karibu wakati uo huo bomu jingine lilipasuka mbele ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam na kuwaua watu 11.

Kati ya waliofariki Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Waliosalia karibu wote walikuwa wenyeji: makarani, wanafunzi wa uhazili, wachuuzi, wapita njia na abiria waliokuwa garini. Makutano hayo yako karibu na kituo cha gari moshi na njia ya kuelekea barabara za Landhies na Jogoo, ambayo kila asubuhi huwaleta mjini wafanyakazi kutoka Muthurwa, Shauri Moyo, Makongeni, Kaloleni, Jericho, Buruburu na mitaa mingine ya Eastlands. Wakazi wa mitaa hiyo hawakuwa na ugomvi na yeyote siku hiyo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Siku sita baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilililaani tendo hilo katika azimio nambari 1189 na kuliita ugaidi. Hata hivyo, laana si hukumu. Mtu akiuliza tendo hilo lilikuwa kosa gani katika sheria ya kimataifa, nani alikuwa na haki ya kulishtaki, na mbele ya mahakama ipi, jibu halikuwa wazi mwaka 1998 na halijawa wazi kikamilifu hadi leo. Makala haya yanaeleza maana ya kuuchukulia ugaidi kama jinai ya kimataifa, vikwazo vilivyozuia jambo hilo, na athari zake kwa wakazi wa Eastlands ambao wameufahamu ugaidi kwa pande zote mbili: kama wahanga wa mabomu na kama washukiwa wa kudumu.

Neno gaidi na historia yake

Kabla ya kuingia katika sheria ni vyema kulitazama neno lenyewe. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili, gaidi alikuwa mnyang'anyi wa kutumia nguvu, mtu aviziaye wasafiri njiani ili awapore. Shabaha yake ilikuwa mali. Maana ya leo ya mtu anayeua ili kuutia umma hofu na kuilazimisha serikali itende au isitende jambo fulani ni upanuzi wa maana hiyo ya awali. Upanuzi huu una mantiki, lakini umeacha tofauti moja muhimu nyuma. Mnyang'anyi hutambulika kwa alichokitenda, ilhali gaidi wa siku hizi mara nyingi hutambulishwa na yule anayemwita hivyo.

Historia ya Eastlands ni ushahidi wa hatari hiyo. Katika miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyopewa jina la Anvil, maana yake fuawe. Nyumba zilipekuliwa moja baada ya nyingine katika Bahati, Pumwani na mitaa jirani ya Waafrika. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitenganishwa na wenzao, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kichwani, na kutikisa kichwa kwa mtu asiyeonekana uso kulitosha kuwa ushahidi. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani bila kufikishwa mahakamani.

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa rasmi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mnamo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto yake kwa mateso ya enzi hiyo na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, malipo ambayo ndani yake zilihesabiwa pia gharama za kesi. Walioitwa magaidi mwaka 1954 waliitwa mashujaa na wadai halali miongo mingi baadaye. Jambo hili halimaanishi kuwa hakuna tendo liwezalo kuitwa ugaidi kwa haki. Linaloonyesha ni kwamba sheria isiyotoa fasili inamwachia mwenye nguvu kazi ya kufasili.

Jinai ya kimataifa ni nini?

Kosa la kawaida la jinai, kama wizi au mauaji, ni kosa dhidi ya sheria ya nchi moja. Nchi hiyo ndiyo inayolifasili, inayolishtaki na inayotoa adhabu. Jinai ya kimataifa ni kosa ambalo mataifa yote yamekubaliana kuwa linaudhuru ulimwengu mzima, na kwa hiyo linamfunga mtu binafsi hata kama sheria ya nchi yake haikulitaja.

Jinai kongwe kupita zote ni uharamia wa baharini. Haramia alihesabiwa kuwa adui wa wanadamu wote, na nchi yoyote iliyomkamata katika bahari kuu iliweza kumhukumu. Kanuni hiyo ilitumika pwani ya Afrika Mashariki pia. Kuanzia mwaka 2006 mahakama za Mombasa zilisikiliza kesi za maharamia waliokamatwa na manowari za kigeni mbali na maji ya Kenya, na mnamo Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilithibitisha kuwa mahakama za nchi zina mamlaka hayo. Mtu aliyeteka meli katika Ghuba ya Aden aliweza kujibu mashtaka Mombasa ingawa yeye si Mkenya, meli si ya Kenya, na tendo halikufanyika Kenya.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mahakama ya Nuremberg iliongeza msingi mwingine mkuu: wanaotenda jinai ni watu wenye majina, wala si nchi, makabila au dini. Kutokana na msingi huo zilizaliwa jinai nne zinazotambuliwa na Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani mauaji ya halaiki, jinai dhidi ya binadamu, jinai za kivita na jinai ya uchokozi.

Ugaidi haumo katika orodha hiyo, wala haukusahaulika. Katika mkutano wa Roma nchi kadhaa, zikiwemo Algeria, India, Sri Lanka na Uturuki, zilipendekeza uingizwe. Pendekezo lilikataliwa kwa sababu wajumbe hawakuafikiana juu ya fasili, na wengine walichelea kuwa mahakama mpya ingetumbukizwa katika siasa kabla haijasimama. Wajumbe waliridhika na azimio la kulitazama suala hilo siku za usoni. Mkataba ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998. Majuma matatu kamili baadaye bomu likalipuka Nairobi.

Juhudi za kuufasili ugaidi

Jaribio la kwanza lilikuwa la Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Mfalme Alexander wa Yugoslavia na waziri wa Ufaransa Louis Barthou walipouawa mjini Marseille mwaka 1934, mataifa yaliandaa mkataba wa kuzuia na kuadhibu ugaidi, uliokamilishwa mwaka 1937 pamoja na mwingine wa kuanzisha mahakama ya jinai ya kimataifa. India peke yake ndiyo iliyouridhia ule wa ugaidi, na vita vikaifagia mikataba yote miwili.

Baada ya hapo mataifa yalichukua njia ya mzunguko. Badala ya kuufasili ugaidi wenyewe, yaliharamisha matendo mahsusi yanayofanywa na magaidi. Mkataba wa The Hague wa 1970 ulihusu utekaji wa ndege, wa Montreal wa 1971 hujuma dhidi ya ndege, wa 1979 utekaji wa watu, wa 1997 ulipuaji wa mabomu na wa 1999 ufadhili wa ugaidi. Mikataba hii ina kanuni moja inayofanana: nchi inayomshika mshukiwa haina budi kumkabidhi kwa nchi inayomtaka au kumshtaki yenyewe. Kwa ufupi ni kabidhi au shtaki.

Lakini mkataba hauna nguvu kabla ya kuridhiwa na nchi za kutosha. Ule wa mabomu ulipitishwa Desemba 1997, miezi minane kabla ya mlipuko wa Nairobi, na ulianza kutumika Mei 2001. Siku ya tarehe 7 Agosti 1998 ulikuwa karatasi tu.

Bara la Afrika lilitoa mchango wake. Mnamo Julai 1999 mjini Algiers, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wa kuzuia na kupambana na ugaidi, uliotoa fasili kamili. Kifungu cha 3 kinasema kuwa mapambano ya watu kwa ajili ya ukombozi na kujitawala, yakiwemo ya silaha dhidi ya ukoloni na uvamizi, hayatahesabiwa kuwa matendo ya kigaidi mradi yafuate misingi ya sheria ya kimataifa. Asiyejua historia ya Bahati na Pumwani angeweza kudhani kifungu hicho ni mwanya tu kwa wahalifu. Kwa bara ambalo viongozi wake wengi waliwahi kuitwa magaidi na wakoloni, kilikuwa sharti la kutia saini.

Kifungu cha namna hiyo ndicho hasa kilichoukwamisha mkataba mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kamati maalumu iliundwa Desemba 1996, na India ikawasilisha rasimu. Tangu wakati huo majadiliano yamekwama penye maswali mawili: je, wapiganao kujikomboa kutoka kwa uvamizi wa kigeni watolewe? Na je, majeshi ya serikali yanayowaua raia yaingizwe?

Mashambulizi ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001 yalilifanya Baraza la Usalama lisingoje jibu. Kwa azimio 1373 la mwezi uo huo liliamuru kila nchi iufanye ugaidi kuwa kosa zito katika sheria zake, lakini halikusema ugaidi ni nini. Azimio 1566 la Oktoba 2004 lilikaribia zaidi kwa kutaja matendo ya jinai dhidi ya raia yanayokusudia kuua, kujeruhi vibaya au kuteka watu kwa lengo la kuutia umma hofu au kuilazimisha serikali. Hatimaye, mnamo Februari 2011, Mahakama Maalumu ya Lebanon chini ya Jaji Antonio Cassese ilitamka kuwa kwa desturi ya mataifa ugaidi wakati wa amani umekwisha kuwa jinai ya kimataifa yenye nguzo tatu: tendo la jinai, nia ya kueneza hofu au kushurutisha mamlaka, na uhusiano unaovuka mipaka ya nchi moja. Wanasheria wengi wameupinga uamuzi huo wakisema majaji waliona mwafaka usiokuwapo. Hata hivyo nguzo hizo tatu ndizo muhtasari bora wa mahali mjadala ulipofikia.

Kesi za Agosti 7: New York na Cape Town

Kwa kuwa hapakuwa na mahakama ya kimataifa, kesi za mabomu ya 1998 zilisikilizwa katika mahakama ya kawaida mjini New York kwa sheria za Marekani. Mshukiwa mmoja alikamatwa Nairobi, mwingine Karachi siku ile ile ya mlipuko, na wote wawili wakapelekwa Marekani. Mei 2001 washtakiwa wanne walipatikana na hatia, na Oktoba mwaka huo wakafungwa maisha. Mtanzania Ahmed Ghailani, aliyekamatwa Pakistan mwaka 2004 na kuwekwa Guantanamo, alifikishwa New York mwaka 2009. Aliondolewa mashtaka 284 kati ya 285 na kufungwa maisha Januari 2011 kwa lile moja lililobaki.

Kesi ya Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania wa Zanzibar, inastahili kukumbukwa zaidi. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani bila kufuata utaratibu. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa serikali ilivunja katiba kwa kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Wakati huo alikuwa tayari New York, na majaji wa Afrika Kusini hawakuwa na uwezo wa kumrudisha. Walichokifanya ni kuagiza uamuzi wao upelekwe kwa mahakama iliyokuwa ikimhukumu. Hatimaye hakuhukumiwa kifo. Mahakama hiyo ya Afrika haikumtetea kwa alichokifanya Dar es Salaam. Ilichokitetea ni kanuni kwamba hata mtu anayeshtakiwa kwa tendo baya kupita yote hapitishwi mlango wa nyuma.

Kesi hizi zilithibitisha kwamba ugaidi unaweza kushtakiwa kama jinai, kwa mashahidi, utetezi na hukumu. Lakini zilithibitisha pia upungufu. Mauaji ya watu 224 wa Nairobi na Dar es Salaam yaliorodheshwa katika hati za mashtaka. Hata hivyo, kesi yenyewe ilikuwa ya dola la Marekani dhidi ya maadui wake, na wengi wa waliofiwa waliifuata kwa redio kutoka umbali wa bahari mbili.

Sheria ya Kenya na swali la uhalali

Kenya ilipopigwa tena tarehe 28 Novemba 2002 katika hoteli ya Paradise huko Kikambala, ambako Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, haikuwa na sheria ya ugaidi. Washukiwa walishtakiwa kwa makosa ya kawaida, wakiwemo wanne kwa mauaji, nao wakaachiliwa mwaka 2005 kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha. Katiba ya wakati huo ilimkataza hakimu kumtia mtu hatiani kwa kosa lisiloandikwa katika sheria ya nchi. Hata kama mataifa yote yangeukubali ugaidi kuwa jinai, mahakama ya Nairobi isingeweza kuutumia.

Mswada wa kukomesha ugaidi ulichapishwa mwaka 2003. Ulipingwa vikali na Waislamu, wanasheria na watetezi wa haki kwa sababu fasili yake ilikuwa pana kupita kiasi na uliwapa polisi mamlaka makubwa. Ulitupwa, na rasimu iliyofuata mwaka 2006 nayo haikufika mbali. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipita mwaka 2012. Inafasili tendo la kigaidi kwa kuunganisha tendo, kama vile matumizi ya silaha au baruti, na nia, yaani kuutia umma hofu, kuishurutisha serikali au kuziyumbisha taasisi za nchi. Inatenga maandamano na migomo isiyokusudia madhara. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 30, na cha maisha iwapo mtu amekufa.

Kabla ya hapo Katiba ya 2010 ilikuwa imefungua mlango mwingine. Kifungu cha 2 kinazifanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu cha 50 nacho kinasema mtu hatahukumiwa kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa katika Kenya au jinai chini ya sheria ya kimataifa. Neno hilo dogo "au" lina uzito mkubwa. Kutokana nalo, swali la iwapo ugaidi ni jinai ya kimataifa si mjadala wa maprofesa tu, kwa maana linaweza kuamua kama mtu atajibu mashtaka Nairobi.

Njia nyingine ni kuushtaki ugaidi kwa jina lingine. Shambulizi lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, kwa sera ya dola au shirika, ni jinai dhidi ya binadamu. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Roma tangu 2005, na ilitunga sheria yake ya jinai za kimataifa mwaka 2008. Mashambulizi ya Westgate ya Septemba 2013 yaliyowaua watu 67 na ya Chuo Kikuu cha Garissa ya Aprili 2015 yaliyowaua watu 148 yangeweza kutazamwa hivyo. Katika yote mawili, mahakama za Kenya zilishtaki kwa sheria ya ugaidi na kutoa vifungo virefu mwaka 2019 na 2020. Swali la shirika gani linatosha kuitwa shirika liligawanya hata majaji wa The Hague katika uamuzi wao kuhusu Kenya wa Machi 2010, Jaji Hans-Peter Kaul akishikilia kuwa lazima lifanane na dola.

Samaki mmoja akioza

Kati ya 2012 na 2014 mabomu yalifika Eastlands kwenyewe. Tarehe 18 Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, au Islii kama wenyeji waitavyo, na watu wasiopungua 7 wakafa. Mwezi uliofuata bomu lilimjeruhi vibaya mbunge wa Kamukunji, Yusuf Hassan, nje ya msikiti. Tarehe 31 Machi 2014 watu 6 waliuawa mtaani humo, na tarehe 16 Mei wasiopungua 10 katika soko la Gikomba. Waliokufa walikuwa wauza mitumba, wanunuzi, abiria na wenye vibanda, Waislamu na Wakristo, Wasomali na wasio Wasomali.

Kiswahili kina methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza. Kama tahadhari ya mvuvi ni busara. Kama kanuni ya jinai ni dhuluma. Baada ya matatu kulipuliwa, makundi ya vijana yaliwavamia wakazi na maduka ya Wasomali. Na Aprili 2014 serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch, ambapo takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Islii na mitaa jirani, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani hadi vitambulisho vyao vikaguliwe. Ilikuwa miaka 60 kamili, mwezi kwa mwezi, tangu Operesheni Anvil. Kabila lililotenganishwa lilikuwa jingine, lakini utaratibu wa kuuzingira mtaa badala ya kumtafuta mtenda ulikuwa ule ule.

Tabia hiyo ilivuka mipaka pia. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70, Wakenya kadhaa walichukuliwa na kupelekwa Uganda bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya. Mtetezi wa haki Al-Amin Kimathi, aliyekwenda kuifuatilia kesi yao, aliwekwa ndani mwaka mzima na kuachiliwa Septemba 2011. Hukumu ilipotoka Mei 2016, washtakiwa 5 kati ya 13 walionekana hawana hatia. Walikuwa wamekaa gerezani karibu miaka sita.

Hapa ndipo faida ya kuuita ugaidi jinai inapoonekana. Kinachoitwa vita huwa na maadui, na adui hutambuliwa kwa upande wake. Jinai huwa na mshtakiwa, na mshtakiwa hutambuliwa kwa tendo lake, kwa nia yake na kwa ushahidi usioacha shaka. Mahakama Kuu ya Kenya ilikumbusha hilo Februari 2015 ilipobatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, kikiwemo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Majaji walikiri ukubwa wa tishio lakini wakasisitiza kuwa nchi inaweza kujilinda bila kuivua katiba. Somo hilo halijachakaa. Mwaka 2025 vijana waliokamatwa katika maandamano ya Juni na Julai walifikishwa katika mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi, ilhali sheria yenyewe inatenga maandamano. Fasili ikilegezwa kwa ajili ya Islii leo, kesho hutumika Kayole na Umoja.

Haki ya wahanga

Mjadala wa jinai ukiishia kwa mshtakiwa peke yake, humwacha nje aliyeumizwa. Wahanga wa Agosti 7 walijifunza hilo kwa uchungu. Kesi za madai dhidi ya Sudan, iliyoshutumiwa kuwahifadhi Al-Qaeda, ziliendelea Marekani kwa miaka mingi, na mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya madai hayo na mengine. Kwa upande wa Nairobi, waliofaidika ni raia wa Marekani pamoja na waajiriwa wa ubalozi na jamaa zao. Karani wa Jengo la Ufundi, mchuuzi wa kando ya barabara na abiria wa garini hawakuwamo, ingawa bomu halikuwauliza walikuwa waajiriwa wa nani.

Katika Mkataba wa Roma mhanga ana haki ya kusikilizwa na kudai fidia, na uko mfuko maalumu kwa ajili yake. Ugaidi ungalikuwa miongoni mwa jinai za mkataba huo, na mkataba ungalikuwa na nguvu mwaka 1998, haki isingetegemea uraia. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote ya kuutaka ugaidi uwe jinai ya kimataifa: kosa dhidi ya ulimwengu halina budi kuwatambua wahanga wote wa ulimwengu.

Dhima ya Kiswahili

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika suala hili, kwani mwananchi wa Majengo au Dandora hukutana na sheria kwa lugha hii. Vyombo vya habari vinapotangaza kuwa magaidi kumi wamekamatwa, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya kesi. Lugha inayo maneno ya kutosha kuzuia kosa hilo. Aliyekamatwa ni mshukiwa. Aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa. Aliyethibitishiwa kosa ndiye mwenye hatia, naye pekee ndiye astahiliye kuitwa gaidi. Vilevile tendo la kigaidi lina nguzo zake na halipaswi kuchanganywa na fujo, ghasia, uasi au uhalifu wa kawaida.

Kazi ya kusanifisha istilahi za sheria imefanywa kwa bidii katika uwanja wa katiba na bunge, lakini katika sheria ya kimataifa bado haijafika mbali. Maneno kama kabidhi au shtaki, desturi ya mataifa na mamlaka ya kusikiliza kesi yanahitaji fasili moja inayokubalika Nairobi, Dodoma na Kampala, hasa kwa vile Kiswahili ni lugha ya eneo ambalo washukiwa, mashahidi na wahanga huvuka mipaka yake kila siku.

Hitimisho

Imeelezwa kuwa ugaidi umeharamishwa vipande vipande kwa mikataba, umeamriwa kuadhibiwa na Baraza la Usalama, na umetamkwa na mahakama moja kuwa jinai ya desturi, lakini bado hauna fasili moja inayoyafunga mataifa yote wala mahakama ya kimataifa iliyokabidhiwa kuuhukumu. Kukosekana huko kumewaumiza wakazi wa Eastlands mara mbili. Waliolipuliwa hawakupata mahakama iliyowatazama kama wenye kesi, na wasio na hatia waliwekwa kundi moja na wenye hatia kwa sababu ya mtaa, jina au dini. Fasili finyu na iliyo wazi, inayotaja tendo na nia na isiyojali kabila la mtendaji wala uraia wa mhanga, ingewafaa wote wawili. Palipokuwa na ubalozi leo pana bustani ya kumbukumbu, na majina ya marehemu yamechongwa ukutani. Majina hayo yameandikwa moja moja, kila mtu na lake. Hivyo ndivyo na hatia inavyopaswa kuandikwa.